Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ufundi wa TFF (Shirikisho la Soka Tanzania): Makipa wastaafu wa Tanga wafunguliwe darasa Mnyanjani

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam kutoka Makorora, Tanga. Mimi ni mmoja wa walezi wa timu ya watoto hapa mtaani, na ombi langu kwako ni moja. Makipa wetu waliotundika glovu wafunguliwe njia ya kuwa makocha wenye vyeti, na kwa huku kwetu njia hiyo ianzie kwenye kituo chenu cha ufundi cha Mnyanjani.

Niruhusu nianze na Juma Kaseja, maana safari yake kila mpenzi wa soka nchini anaifahamu. Mwaka 2003 alikuwa bado kijana mdogo, kipa wa Simba pale Cairo, Simba ilipowavua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa mikwaju ya penalti. Septemba 2019, timu yetu ya taifa, Taifa Stars, na Burundi wameshindwa kutambiana nyumbani na ugenini, mechi ikaenda kwenye matuta Dar es Salaam, na aliyesimama golini ni yeye yule. Burundi hawakupata hata moja, tukashinda 3-0. Hapo katikati ni miaka 16, na ndani yake alisifiwa, akazomewa, akaachwa nje ya timu ya taifa, akarudishwa. Mwaka 2022 akaingia kwenye benchi la Stars kama kocha wa makipa, na msimu wa 2024/25 Kagera Sugar wakamkabidhi timu nzima. Kagera ilishuka daraja msimu uleule, na hapa vijiweni wapo waliosema kipa hawezi kuwa kocha mkuu. Sikubaliani nao. Timu aliyopewa ilikuwa tayari imekalia kuti kavu, na anayeona uwanja mzima kwa dakika 90, mbele yake mabeki anaowapanga kwa sauti, ana kila sababu ya kujua mpira unavyokwenda.

Kabla ya Kaseja alikuwepo Juma Pondamali, tuliyemwita Mensah. Yeye na marehemu Athumani Mambosasa walikuwa makipa wa kikosi kilichokwenda Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980. Tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, kisha tukakaa miaka 39 bila kurudi kwenye fainali hizo. Pondamali hakuyaacha aliyoyaona kule yapotee, kwani miaka mingi baadaye alikuwa akiwafua makipa wa Yanga. Lakini watu wa aina yake tunawahesabu kwa vidole, na wengi wao wako Dar es Salaam.

Huku Tanga tuna klabu zenye historia nzito. African Sports ipo tangu miaka ya 1930. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walichukua ubingwa wa Bara mwaka 1988. Kwenye klabu hizo walipita makipa, na baadhi yao bado tunasalimiana nao barabarani Ngamiani. Wengine wanauza duka, wengine wanavua, wengine wanashinda barazani tu. Jioni moja nilimwona mmoja wao akipita kando ya uwanja wetu wakati watoto wanafanya mazoezi. Tulikuwa na pea moja ya glovu kwa wavulana wanne, wanapokezana. Kipa wetu mdogo alikuwa amesimama katikati kabisa ya mstari wa goli, anafungwa kila shuti linalotoka upande wa kulia. Yule mzee akaomba kijiti. Akachora mstari mchangani kutoka kwenye mpira hadi nguzo ya kushoto, mwingine hadi nguzo ya kulia, akamwambia mtoto asimame kati ya mistari hiyo miwili, kisha asogee mbele hatua tatu. "Sasa geuka utazame goli limebaki kiasi gani." Mtoto akageuka. Goli lile la mita 7.32, ukilitazama kutoka kwenye mpira, lilikuwa limejificha sehemu kubwa mgongoni kwake. Akaanza kudaka mipira aliyokuwa akiiacha tangu tuanze msimu, na yule mzee akaenda zake kuswali.

Mzee huyo hana cheti chochote cha ukocha. Timu ikimwita, inamwita kwa hisani, nauli ikipatikana anapewa, isipopatikana anashukuriwa.

Anayo mengine ambayo mimi sina na kocha wetu mkuu hana. Anajua kwamba kusi likivuma kutoka baharini, krosi inayoonekana inaanguka kwenye boksi dogo la yadi sita hubebwa hadi nguzo ya mbali, kwa hiyo kipa achelewe nukta moja kutoka golini. Anajua namna ya kuanguka kwa ubavu juu ya ardhi ngumu bila kuvunja kiwiko. Anajua la kumwambia mtoto aliyefungwa bao la kizembe, na hili ndilo gumu kuliko yote, maana mshambuliaji akikosa mabao matano yanasahaulika akifunga la sita, ila kipa kosa lake liko kwenye ubao wa matokeo.

Na mambo anayopaswa kuyajua upya ni mengi, ndiyo maana naomba darasa, sifa tu hazitoshi. Wazee wengi wa rika lake walijifunza kudaka kabla ya 1992, enzi ambazo beki akizidiwa anamrudishia kipa mpira naye anaudaka kwa mikono. Sheria ilipobadilika kipa akalazimika kuwa na miguu. Leo makocha wanataka kipa aanzishe mashambulizi, apige pasi katikati ya washambuliaji wawili wanaomkimbilia. Tangu 2025 akiushika mpira zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Kipa aliyestaafu zamani hawezi kuyaokota haya barazani, lakini akifundishwa atayaelewa upesi kuliko mtu ambaye hajawahi kusimama chini ya mtambaa panya.

Msimu wa 2023/24 Coastal Union ilimaliza ya nne na ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kipa bora wa ligi msimu ule alitoka kwetu, uwanja wa Mkwakwani, Ley Matampi, Mkongo. Tulimshangilia mpaka sauti zikakauka na sitamsema vibaya hata siku moja. Yanga golini wana Djigui Diarra wa Mali tangu 2021. Simba mwaka 2024 wakamleta Moussa Camara wa Guinea. Klabu kubwa zina haki ya kutafuta bora popote alipo. Ila mimi nikiwa na mtoto wa miaka 13 anayetaka kuwa kipa, najiuliza nani atamfikisha pale walipo hao, wakati kwenye timu nyingi za watoto na za madaraja ya chini kocha anawachukua makipa, anawapeleka pembeni ya uwanja, anawaambia wapigiane mashuti wenyewe hadi filimbi ya mwisho.

Kwa hiyo naomba hivi, Ndugu Mkurugenzi. Kozi ya makocha wa makipa iwe kwenye kalenda ya Mnyanjani kila mwaka, na waliowahi kudaka ligi kuu au timu ya taifa watengewe nafasi, hata kama vyeti vya shule hawana. Ifundishwe kwa Kiswahili. Ada walipe kidogo kidogo, maana mvuvi hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Na mtu akimaliza kozi hiyo, isiwe ndiyo mwisho wa ngazi. Akitaka kuendelea na leseni za ukocha wa timu nzima, miaka yake golini ihesabiwe kama uzoefu wa mchezaji mwingine yeyote.

Najua kozi zina gharama na wakufunzi ni wachache. Wakufunzi mnao, na wengine nimewataja humu. Wiki mbili tu wakija Tanga, watu wa kuwafundisha wapo, na uwanja upo.

Majina ya makipa wastaafu walio tayari nimeanza kuyakusanya kuanzia Makorora, Ngamiani na Chumbageni. Nitayapeleka kwenye ofisi ya chama cha soka cha mkoa, ili ofisi yako ikiyahitaji iyapate hapo.

Wako katika michezo,
Mlezi wa timu ya watoto, Makorora, Tanga