Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni: okoa kanda zetu kabla mashine hazijakwisha

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Barua zangu za awali kwa ofisi yako zilipokelewa, zikagongwa mhuri, na hapo zikaishia. Hii naiandika hadharani kwa sababu ya jambo lililotokea wiki iliyopita.

Kanda za maktaba ya sauti nilikofanya kazi tangu ujana wangu hadi kustaafu zilitolewa chumbani na kurundikwa uani. Chumba kilitakiwa kwa ofisi. Usiku mvua ikanyesha. Nilipofika asubuhi, maboksi yalikuwa yamelowa chapachapa. Wino tulioandikia ubavuni jina la mwimbaji, tarehe na mahali ulikuwa umechuruzika hausomeki. Kanda iliyopoteza jina, hata ikisikika, nani atajua aliyeimba ni nani?

Aliyetoa amri simjui. Nahisi ni mtu aliyeamini kwamba siku hizi kila kitu kimo kwenye kompyuta. Hakimo, Mheshimiwa. Sehemu kubwa ya sauti na picha za wazee wetu imo kwenye kanda hizo tu, na nakala ya pili hakuna.

Wewe mwenyewe ulisimama mbele ya rafu zilezile. Uliahidi chumba chenye ubaridi, mashine nzima na vijana wa kufundishwa kazi. Tulikupigia makofi kwa dhati. Hadi leo hakijaja hata kimoja. Na kila tarehe 27 Oktoba wizara yako hutoa tamko la Siku ya Kimataifa ya Turathi za Sauti na Picha. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu siku kama hiyo mwaka 1980, mjini Belgrade, mkutano mkuu wa UNESCO ulipitisha pendekezo la kulinda na kuhifadhi picha zinazotembea. Tamko bila chumba halihifadhi chochote.

Naomba uelewe kinachotokea ndani ya makopo ya filamu na maboksi ya kanda. Filamu za asetati, aina ya plastiki, zikikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa harufu kali ya siki. Ukifungua kopo, harufu inakupiga puani kabla hujaiona filamu, na ukiivuta unaikuta imejikunja na kusinyaa. Asidi inayotoka huchochea uozo zaidi. Ubaridi huupunguza kasi, lakini kilichokwisha kuoza hakirudi. Kanda za sumaku nazo zina ugonjwa wake: gundi inayoshikilia chembe za sumaku hunyonya unyevu, kanda inanata, na ukiicheza inaacha unga wa kahawia kwenye vichwa vya mashine. Unga ule ndio sauti yenyewe. Fundi anayejua huikausha kanda kwa joto dogo kwa saa kadhaa, halafu anainakili haraka kabla haijaanza kunata tena. Asiyejua anaiharibu kwa kuicheza mara moja.

Nayo kazi ya kunakili haina njia ya mkato. Kanda ya saa moja inakula saa moja, mtu akiwa ameketi anasikiliza. Ndiyo maana nasema tumechelewa. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, ilitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku. Wataalamu walikuwa wakiutaja mwaka 2025 kama mpaka, ambapo baada yake kunakili kanda kwa wingi kutakuwa kugumu mno kwa kukosa mashine, vipuri na mafundi. Mwaka huo umeshafika. Mashine mpya za kuchezea kanda za video za VHS ziliacha kutengenezwa mwaka 2016. Kanda inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikawa bubu, kwa sababu hakuna cha kuichezea.

Asikudanganye mtu kwamba hasara hii huwapata wasio na uwezo tu. BBC yenyewe, miaka ya 1960 na 1970, ilifuta kanda za vipindi vyake ili izitumie tena. Mwaka 2013 vipindi tisa vya Doctor Who, tamthilia yake ya televisheni, vilivyodhaniwa vimepotea vilitangazwa kupatikana Nigeria, kwa sababu kituo kimoja cha televisheni kilibaki na nakala. Wao walikuwa na nakala ng'ambo. Sisi nakala zetu ziko wapi?

Nimezeeka, Mheshimiwa. Macho yanafifia, vidole vinatetemeka ninapounganisha kanda iliyokatika, na nauli ya kwenda kuzifuta vumbi hutoka kwenye pensheni yangu. Wenzangu tuliojifunza nao kazi wengi nimeshawazika. Hakuna kijana hata mmoja aliyepewa ajira akae kando yangu ajifunze. Nikiondoka, nani atazisafisha mashine zile? Wajukuu wetu watasoma majina ya wazee wao vitabuni, na sauti zao wasizisikie kamwe.

Chumba, mashine, vijana, vyote uliviahidi na vyote bado navidai. Lakini leo, kabla ya hayo yote, naomba moja: toa amri kanda zile zirudishwe ndani, mahali pakavu, na mtu yeyote asitupe wala kufuta kanda hata moja kabla haijasikilizwa na kunakiliwa. Amri hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji sahihi yako, na naiomba wiki hii, maana mvua bado zinanyesha.

Wako mtiifu,
Fundi mitambo mstaafu