Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakusanyaji Visu vya Mfukoni, Mwanza

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote wa Kirumba, Igoma na Nyegezi, na zaidi wenzetu wawili wanaovuka ziwa kutoka Ukerewe. Hao hawajachelewa kikao hata kimoja, ilhali sisi wa mjini tunafika chai imeshapoa.

Tulikutana kila mwezi isipokuwa Aprili, mvua ilipotuweka majumbani. Yaliyojadiliwa yamo kwenye daftari la katibu, sitayarudia. Nina jambo moja lililonikaa moyoni, na linaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwezi wa sita nilinunua Okapi, kisu cha kukunja cha chapa hiyo, kwa mzee mvuvi pale Mwaloni. Mpini wa mbao ulikuwa umelainika kwa viganja vya miaka mingi, nakshi za mwezi na nyota bado zimo, na ukilifungua bapa meno yake yanalia krrk, krrk, kama inavyotakiwa. Bapa lilikuwa jeusi. Nami, mwenyekiti wenu, nikampelekea mnoa visu wa baiskeli. Cheche ziliruka dakika tano, bapa likarudi jeupe kama kijiko cha dukani, na chapa ikaondoka na cheche.

Mnajua maana yake. Okapi ilianzishwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya masoko ya makoloni yake ya Afrika, na sisi tulikuwa humo. Mwaka 1988 kazi ilihamia Afrika Kusini. Bapa likiwa na jina la Ujerumani, umeshika kisu cha zama zile. Chapa ikifutika, unabaki kubahatisha. Fundi hana kosa. Nilimwambia aking'arishe, akaking'arisha.

Kwa hiyo naomba tuelewane: weusi wa chuma cha kaboni si uchafu. Unatokana na ndimu, embe na samaki ambavyo kisu kimekata, na utando ule unasaidia kukilinda. Adui ni kutu nyekundu inayochimba. Hiyo ifutwe kwa kitambaa na mafuta ya cherehani, polepole, hata ikichukua wiki. Matone mawili kwenye kiungo yanatosha. Na tusivilaze visu ndani ya ala za ngozi, kwani ngozi hunyonya unyevu, na kwa hewa yetu hii ya ziwani utakuta kisu kimeota kutu ndani ya msimu mmoja.

Kikao cha Septemba kilichangamka. Mwenzetu alileta Opinel namba 8 (kisu cha Kifaransa, namba ni ukubwa wake) akiapa kuwa babu yake aliinunua kabla ya Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa na ile pete ya chuma ya kufungia bapa, na pete hiyo ilibuniwa mwaka 1955. Tulicheka, yeye zaidi yetu sote. Lakini msigeuze kanuni hiyo kichwa chini, maana namba ndogo, 2 hadi 5, hazina pete hata leo. Muuzaji asikuuzie namba 4 mpya kwa bei ya urithi.

Kuna lililo zito kidogo. Visu vya zamani vya Sheffield, Uingereza, wakati mwingine huwa na mpini wa pembe ya ndovu. Kwa sheria yetu, kumiliki nyara ya serikali, kama pembe ya ndovu, bila kibali ni kosa, na kusema kwamba kisu ni cha marehemu babu hakukuokoi. Kamati imeamua visu hivyo visiletwe kikaoni, visiuzwe wala kubadilishwa kupitia chama. Aliye nacho aende kwa maofisa wa wanyamapori akaulize, asije kuniuliza mimi.

Fedha: ada inadaiwa kwa wengi. Mtunza hazina anawajua, nanyi mnajijua.

Wanachama wapya ni wanne, mmoja wao mama muuza dagaa ambaye kisu chake cha kazi kina historia ndefu kuliko makabati yetu mengi. Hakiuzi, nimeshajaribu mara mbili.

Uchaguzi utafanyika kikao kijacho. Kila mtu aje na kisu kimoja tu, kimekunjwa na kufungwa kwa kitambaa, hasa mnaopanda daladala. Mimi nitakuja na ile Okapi yangu nyeupe, wageni waione.

Mwenyekiti