Shukrani kwa fundi aliyeirudishia fidla yetu sauti

Wanakikundi wa taarabu hapa Unguja tunamshukuru fundi mmoja aliyetukataza kumtaja jina. Siku ya harusi, fidla ya kwanza ilikuwa imefunguliwa nyuzi zote nne kwa mpigo, na kijiti cha ndani, kinachosimama kati ya ubao wa juu na wa chini, kikaanguka. Kijiti hicho, chenye unene wa kama milimita 6, hakigundishwi. Kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Kikianguka, sauti inakuwa nyembamba na ubao wa juu unaweza kubonyea.

Alikuja na spoki ya baiskeli. Akaipinda mithili ya S, akaichonga ncha, akakichoma kijiti na kukipenyeza kwenye tundu la pembeni, huku mtu akimulika kwa simu. Akakisimamisha milimita 2 au 3 nyuma ya mguu wa daraja (kibao kinachobeba nyuzi), upande wa uzi mwembamba. Vigingi vya kukazia nyuzi vilivyoteleza akavipaka chaki. Nyuzi akazikaza kidogo kidogo kwa zamu, na kila daraja lilipoinamia vigingi alilirudisha kwa vidole viwili. Nota aliifuata kutoka kwenye akodioni, maana hiyo haikubali kufuata mwenzake. Subira ya namna hiyo, waalikwa wameshakaa, si ya kila fundi.

Hakupokea hata nauli. Wenzetu wenye fidla, badilisheni uzi mmoja mmoja. Spoki ametuachia, kikundi kitakachoihitaji kije kuiazima.