Barua kwa mwanangu: maua ya porini juu ya maboksi

Mwanangu,

Umesema unataka tuta la maua ya porini hapo Ilemela, na jembe hutaki. Sawa, jembe huamsha mbegu za magugu zilizolala; badala yake tutayafunika magugu kwa maboksi ya karatasi, na kusia juu yake. Ila kwanza chimbua kidogo kwa kisu uangalie ndago, lile gugu lenye viazi vidogo chini ya ardhi. Ikiwepo, hamia upande mwingine, maana ncha yake hutoboa boksi kama sindano. Sangari, nyasi itambaayo, yenyewe boksi linaiweza, mradi usiache nafasi kwenye maungio.

Ngoja vuli ishike, mwezi wa kumi. Boksi kavu la kiangazi ni karamu ya mchwa. Fyeka nyasi, lowesha ardhi, bandua selotepu na pini, laza maboksi tabaka mbili, yapishane sentimita 20, uyaloweshe mpaka yalegee. Juu weka mboji sentimita 8. Tuta la mita 1 kwa 3 humeza ndoo 12 za lita 20. Mboji ya magugu maji inafaa ikiwa imeiva kabisa. Samadi mbichi usiguse: utapata majani tele na maua ya kuhesabu.

Wengi huharibia hapa, wanasia siku hiyohiyo. Boksi huzuia magugu ya chini tu, na mboji huja na yake. Mwagilia siku 10 hadi 14 bila kusia, yachipue, kisha paruza juujuu jua likiwa kali. Usizidi sentimita 1, utapandisha mengine.

Maua yenyewe ni ya marejea, ya jamii ya kunde, na mgagani. Mbegu za marejea ziloweke usiku kucha, uzifukie mbilimbili, kila sentimita 30, kina cha sentimita 1. Mgagani huota gizani, kwa hiyo ifunike nusu sentimita. Iliyovunwa juzi hugoma, tafuta iliyokaa miezi 3 au zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu ya mgagani changanya na vikombe 4 vya mchanga mkavu, nusu uisie kwa urefu wa tuta, nusu kwa upana. Funika, kandamiza kwa ubao.

Kwenu ni mteremko, panga mawe upande wa juu, la sivyo mvua moja itazoa kila kitu. Isiponyesha, mwagilia asubuhi na jioni kwa kopo la matundu madogo, kwa kuwa mizizi bado haijapenya boksi na mboji hukauka upesi.

Miche ya mgagani ikibanana, ipunguze ibaki kila sentimita 20. Unayong'oa ni mboga, chemsha.

Mama yako