Barua kwa mpwa wangu anayetaka kutibu mifugo

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako kanieleza kwamba unataka udaktari wa mifugo, na kwamba matokeo ya Kidato cha Nne yamekutia hofu. Hofu hiyo iweke kando kwanza, maana njia si moja.

Ukiendelea na Kidato cha Tano, komaa na Baiolojia na Kemia, kisha uombe Shahada ya Udaktari wa Mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ni miaka 5. Ukihitimu na kusajiliwa na Baraza la Veterinari, utafanya upasuaji, utaandika dawa, utaweza kwenda maabara au kwenye hifadhi za wanyamapori.

Njia ya pili ni stashahada ya afya ya mifugo kwenye kampasi za LITA, yaani Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, kama Tengeru, Mpwapwa au Buhuri. Unaingia na cheti chako hichohicho cha Kidato cha Nne. Ila ujue mipaka: kwa Sheria ya Veterinari ya 2003, mwenye stashahada hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa, na yeye mwenyewe lazima atambuliwe na Baraza. Usikubali kuzunguka na mkoba wa sindano kabla ya hapo.

Ukichagua njia hii, mimi nakushauri ujifunze uhimilishaji, yaani kumtia ng'ombe mbegu za dume kwa kifaa badala ya kumpandisha. Kwenye ng'ombe wa maziwa, kuanzia Arusha na Kilimanjaro hadi Njombe, mhimilishaji mzuri hakosi simu.

Kazi yenyewe inataka umakini. Mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Unapotafuta mrija wenye mbegu, usiuinue kupita shingo ya mtungi. Ukichelewa sekunde chache tu mbegu huanza kuharibika, na kuurudisha hakuziponyi. Yeyusha kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hivi, ukipima kwa kipimajoto, si kwa kidole. Futa mrija ukauke kabisa, kwa sababu tone la maji likiingia huua mbegu. Kisha achia mbegu taratibu pale tu mlango wa kizazi unapoishia. Ukisukuma ndani zaidi unaweza kuujeruhi mji wa mimba.

Wengi hukosea muda. Dalili ya kuaminika ya joto, yaani ng'ombe kuwa tayari kushika mimba, ni ng'ombe kusimama tuli akipandwa na wenzake. Kulia peke yake hakutoshi. Aliyeonekana asubuhi mhimilishe jioni, wa jioni mhimilishe kesho yake asubuhi. Andika tarehe, namba ya ng'ombe na ya dume, umwambie mfugaji aangalie tena baada ya siku 21 kama joto limerudi. Na kabla ya yote, uliza alipandishwa lini mara ya mwisho. Wapo wenye mimba wanaoonyesha joto, na ukipitisha kifaa kwenye kizazi chao, mimba inaweza kutoka.

Kuhusu afya yako sitaki mjadala: chanjo ya kichaa cha mbwa uipate kabla ya kuanza mazoezi, na usiguse ndama anayezaliwa wala kondo la nyuma bila glavu ndefu. Ugonjwa wa brusela huingia hata kwenye mchubuko mdogo.

Likizo hii omba ruhusa ukakae na mkaguzi wa nyama machinjioni, alfajiri. Mwangalie anavyopasua ini kutafuta minyoo na anavyokata misuli ya taya kutafuta tegu. Kama harufu na damu havikukuondoa, nitumie nakala ya matokeo yako tuanze kujaza fomu.

Mjomba wako