Barua kwa Salma: njia iko kati ya tando

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na nimecheka pale ulipolalamika kwamba kila kitabu unachofungua kinaipa fashia ileile, yaani utando unaofunika viungo, jina jingine. Ni kweli. Wanaanatomia waliichora nyonga kwa kupasua maiti, wapasuaji wakaichora upya kwenye chumba cha upasuaji, na wasomaji wa picha za MRI nao wakaja na majina yao. Yaache majina kwanza. Unapoanza kusaidia upasuaji wa saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana juu ya mkundu, shika hili: hatujikatii njia, tunafuata mpaka uliokuwepo tangu mgonjwa akiwa tumboni mwa mama yake.

Puru haikai uchi ndani ya nyonga. Imezungukwa na mafuta yanayobeba mishipa yake ya damu na tezi zake za limfu. Mafuta hayo ndiyo mezorektamu, na utando mwembamba unaong'aa unaoyafunika ndio fashia ya mezorektamu. Saratani ikishapenya ukuta wa puru, husambaa kwanza humohumo ndani ya mafuta. Ernest Miles, alipoeleza mwaka 1908 upasuaji wake wa kuondoa puru pamoja na mkundu, alikuwa tayari anaifikiria njia ya limfu. Hata hivyo kwa miongo mingi baada yake wapasuaji waliendelea kupeleka mkono nyuma ya puru na kuibandua bila kuona wanachoshika. Mafuta yakachanika, mengine yakabaki, na saratani ikarudi palepale. Ndipo Bill Heald na wenzake wa Basingstoke, Uingereza, walipoandika mwaka 1982 kuhusu vijichembe vya saratani walivyovikuta ndani ya mezorektamu, chini zaidi ya uvimbe wenyewe. Tangu hapo hoja ikawa kuitoa mezorektamu nzima, fashia yake ikiwa haijatoboka.

Anzia nyuma, maana huko ndiko mpaka unakoonekana vizuri. Mwenzako akiivuta puru mbele na juu, utaona nyuzinyuzi laini nyeupe, karibu hazina damu. Hapo tando mbili, ya mezorektamu na ile inayoufunika mfupa wa sakramu, ule wa mwisho wa uti wa mgongo nyuma ya puru, hutengana kama kurasa mbili zilizoshikwa na unyevu: ukienda taratibu hakuna inayochanika. Ukikosea ukaenda nyuma mno, unazigusa vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, za mbele ya sakramu, na damu yake ni ngumu kuizuia kwa sababu vena hizo huweza kujivuta zikaingia ndani ya mfupa. Chini kidogo tando hizo hushikana tena kwa utando wanaouita wa Waldeyer. Huo ukate kwa makusudi, ukiuona. Usiusukume kwa kidole.

Pembeni ndiko ninakotaka ukae na kutazama, hata mkubwa wako akikuharakisha. Neva za haipogastriki, zinazohudumia viungo vya nyonga, hushuka kutoka mbele ya mfupa wa sakramu, moja kila upande, zikiwa zimeegemea fashia ya mezorektamu kwa karibu mno. Kutoka kwenye sakramu, usawa wa pingili zake za pili hadi ya nne (S2 hadi S4), zinakuja neva nyingine kukutana nazo, na zote zinasukwa kuwa bamba la neva kwenye ukuta wa nyonga. Zile za juu zinahusika na kutoa shahawa. Zile za chini na kusimamisha uume na kukimwaga kibofu. Kwa wanawake zinagusa unyevu wa uke na raha ya tendo lenyewe, jambo ambalo wapasuaji wengi hawalitaji kabisa wanapomweleza mgonjwa, na mimi linanikera. Zamani pembeni hapo walikuwa wanabana "kano za puru" kwa koleo kubwa, wanakata, wanafunga. Ndani ya kile walichokibana mara nyingi mlikuwa na neva hizo. Mgonjwa alipona saratani akaondoka na mpira wa mkojo.

Mbele ndiko wakubwa wanakobishana. Kwa mwanamume, fashia ya Denonvilliers, iliyoelezwa tangu 1836, imekaa kati ya puru na tezi dume pamoja na vifuko vya shahawa. Je, ni mali ya puru au ya tezi dume? Wengine hupita mbele yake, wengine nyuma. Mimi naangalia uvimbe uko wapi. Ukiwa ukuta wa mbele, naichukua fashia pamoja na puru. Ukiwa nyuma, naiacha ilipo, kwa sababu kwenye kingo zake, kulia na kushoto, ndiko zinakopita neva ziendazo kwenye uume.

Halafu kumbuka kwamba mezorektamu hupungua unene kadiri unavyokaribia msuli wa sakafu ya nyonga. Huko chini nafasi ya kosa ni ndogo sana, ndiyo maana uvimbe wa chini unatisha kuliko wa juu.

Kabla ya kunawa mikono, kaa na picha za MRI. Tafuta mstari mwembamba mweusi unaozunguka mafuta, kisha pima uvimbe uko umbali gani nao. Milimita 1 au chini ya hapo ni hatari, na mgonjwa huyo kwa kawaida hupelekwa kwanza kwenye mionzi au dawa. Lakini usije ukaitegemea mionzi ikufanyie kazi ya kisu. Katika jaribio kubwa la Uholanzi lililochapishwa 2001, wapasuaji wakiwa wamefundishwa kuitoa mezorektamu nzima, saratani ilirudi nyongani ndani ya miaka miwili kwa asilimia 8.2 ya waliopasuliwa tu, na asilimia 2.4 ya waliotangulizwa mionzi. Mionzi imeongeza faida juu ya upasuaji mzuri.

Kazi ikiisha, usikimbilie chai. Igeuze mezorektamu mikononi mwako kabla haijaenda patholojia, maabara inakochunguzwa. Ikiwa nyororo pande zote, umepita panapostahili. Ukiona shimo linaloonyesha msuli wa puru, mwandikie mwanapatholojia wazi ni upande gani, asije akadhani limetokea mezani kwake.

Nijibu unieleze mkubwa wako anapita upande gani wa Denonvilliers, na sababu anazotoa. Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Mwanaidi