Frankenstein ya watoto, rasimu zenu
Habari zenu wapendwa, nimesoma rasimu zote za ile riwaya ya Frankenstein tunayoiandikia darasa la tano na naomba sana tusiitoe ile sehemu ya mzee kipofu, maana pale ndo mtoto anayesoma anaelewa yule kiumbe wa kutengenezwa alitaka tu mtu wa kuongea nae, mzee haoni sura yake kwa hiyo anamsikiliza vizuri, halafu kijana wa mzee anarudi anamchapa kiumbe fimbo, yaani mi hapo nalia kila mara. Damu punguzeni, kifo cha William, yule mdogo wake Frankenstein anayeuawa na kiumbe, sentensi moja inatosha. Na jamani Frankenstein ni jina la aliyemtengeneza, kiumbe mwenyewe hakupewa jina kabisa! Mary Shelley alianza kuiandika 1816 akiwa na miaka 18, hilo liwekeni mwanzoni. Nitumieni marekebisho kabla ya Ijumaa jioni.